Namba Iliyobaki Kwenye Sweta

Wanjira hakuwa mwalimu, wala mpishi, wala karani. Kwenye orodha ya wafanyakazi wa Shule ya Wasichana ya Kirimandu jina lake liliandikwa karibu na mwisho, juu kidogo tu ya mkata nyasi, na mbele yake neno moja: fundi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya bwalo, kati ya stoo ya kuni na matangi ya maji, mahali ambapo upepo wa mlima hufika kwanza kabla ya kwenda kusumbua wengine. Humo alikuwa ameketi miaka kumi na tisa mbele ya cherehani ya miguu, na hakuna msichana aliyesoma pale bila kupita mikononi mwake.

Kazi yake kubwa ilikuwa namba. Kila msichana aliposajiliwa alipewa namba, nayo ikashonwa kifuani mwa sweta, upande wa moyo, kwa mshono wa mnyororo. Kila mwaka wa kuingia ulikuwa na rangi yake ya uzi, ili mwalimu akiwa mbali ajue huyu ni wa kidato kipi. Sweta zenyewe zilikuwa za rangi ya damu ya mzee. Jua la juu ya Timau ni jembamba lakini lina meno. Sweta ikivaliwa miaka miwili hupauka ikafanana na tofali. Hata hivyo hakuna aliyeivua. Baridi ya huko haimwachi mtu afanye maringo.

Wala hakuna aliyepita langoni bila sweta. Muthamia, bawabu, hakujishughulisha na majina. Alisoma kifua. Msichana angekuja na barua ya ruhusa yenye mihuri mitatu, kama hana sweta alirudishwa. Muthamia aliandika namba, akaandika saa, akaongeza maneno "sare kamili", ndipo akavuta komeo.

Wanjira naye alikuwa na kitabu chake. Kule chuo cha ufundi Embu alikosomea ushonaji, mwalimu wake, mama mmoja mwenye kidole kilichotobolewa na sindano mara nyingi hata kikafa ganzi, alikuwa akiwaambia, "Fundi asiyeandika ni mwizi anayejiandaa." Wanjira aliyashika maneno hayo kama amri ya kumi na moja. Sketi iliyoongezwa upindo, kola iliyogeuzwa, namba iliyoshonwa au kufumuliwa, vyote viliingia katika daftari la vipimo pamoja na tarehe. Madaftari yaliyojaa aliyapanga chini ya meza ya kukatia. Hakuna aliyewahi kuyaomba.

Watu walimwona mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa mtu aliyezoea kushika pini kwa midomo, na mwenye pini midomoni hasemi.

Jumatano moja ya mwezi wa Julai aliletewa rundo la sketi zenye zipu mbovu. Katika mfuko wa sketi ya pili akahisi karatasi nene. Alidhani ni barua ya mvulana, akatabasamu. Akakuta kijitabu cha kurasa kumi na mbili, kilichokunjwa na kushonwa katikati.

Kilikuwa katuni. Jalada lilionyesha shule kwenye mteremko, ukungu umeimeza mpaka madirishani, na juu yake maneno: BWENI LA SITA, SEHEMU YA TATU. Kirimandu ina mabweni matano. Wanjira alivuta kiti karibu na dirisha.

Aliyechora alikuwa na mkono. Mwalimu mkuu wa ndani ya katuni hakuwa na macho, alikuwa na funguo tu kiunoni, nyingi kama samaki waliotungwa, na kivuli chake kilifika kwenye kitanda cha mtu kabla yeye mwenyewe hajaingia. Kulikuwa na mpelelezi, msichana wa kidato cha pili aitwaye Inspekta Kendi, ambaye kioo chake cha kukuzia kilikuwa kitako cha chupa ya jamu. Kila asubuhi ya hadithi hiyo msichana mmoja alipungua kwenye foleni ya uji, na walimu wakasema, "Alienda nyumbani." Kendi alikwenda kwa bawabu akauliza, "Alienda kwa miguu gani?" Bawabu akajibu, "Mimi naandika tu, sihesabu miguu." Wanjira alicheka hapo, peke yake, kwa sauti.

Kisha akafungua ukurasa wa mwisho na kicheko kikakatika.

Ulikuwa mchoro mmoja mkubwa. Kendi amesimama mbele ya kioo cha kuogea, amevaa sweta. Kifuani ana namba yake. Chini ya namba yake, hafifu, kama kitu kilicholala chini ya maji, kuna namba nyingine: 3127. Na maneno ya Kendi: "Kama alitoka langoni na sweta yake, hii niliyovaa ni ya nani?"

Wanjira aligeuza kijitabu akatazama uti wake. Uzi wa kijani. Fundo lililozungushwa mara mbili na kufichwa ndani ya mkunjo ili lisiguse kidole. Fundo hilo alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu.

*

Hii ndiyo hadithi ya 3127, kama Wanjira alivyoijua, na alivyojifanya haijui.

Machi ya mwaka uliopita, Jumatano, saa mbili asubuhi, mwalimu mkuu, Madamu Njura, alikuja mwenyewe kwenye chumba cha kushonea. Hakuwa na kawaida hiyo. Alikuwa na sweta mkononi, mbichi bado kwa kufuliwa.

"Fumua hii namba," alisema. "Kuna yule mtoto wa basari kutoka Mbeere, kwao hawana hata karo, anatetemeka darasani. Mshonee yake leo leo."

Wanjira alichukua mkasi mdogo, akafumua. Uzi wa njano ulitoka kwa urahisi, mnyororo ukianza kukatika hutoka wote. Akashona 3390 kwa kijani, sentimita mbili juu zaidi kwa kuwa mtoto yule alikuwa mrefu. Akaandika katika daftari: Jumatano, saa mbili, 3127 imefumuliwa, sweta imepewa 3390.

Ijumaa wakaitwa gwaride. Madamu Njura alisimama mbele ya bendera na leso. Kagwiria wa kidato cha tatu, alisema, aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani jana, Alhamisi. Alitoka langoni saa nne asubuhi, kwa miguu yake, akiwa mzima, akiwa na sare kamili, kama kitabu cha lango kinavyoonyesha. Alianguka huko Timau mjini. Wasamaria wakamkimbiza hospitali, lakini alifika akiwa ameshaaga dunia. Tumwombee.

Wasichana walilia. Waliolala bweni moja na Kagwiria walilia kwa namna tofauti, wakiangaliana. Walijua alikohoa na kushika kifua siku nne. Walijua aliambiwa anajifanya ili akwepe mtihani, akafungiwa chumba cha wagonjwa na gilasi ya maji. Walijua pia waliloambiwa kuhusu mtu atakayeanzisha maneno mwaka mmoja kabla ya mtihani wa kitaifa.

Wanjira alisimama nyuma kabisa na wapishi. "Sare kamili" iliingia sikioni mwake kama sindano iliyovunjika. Alirudi chumbani, akajiambia: pengine alikuwa na sweta mbili. Wazazi wengine hununua mbili. Alilisema hilo kwa bidii. Daftari la mwaka wa kuingia kwake lilikuwa pale chini ya meza, angenyoosha mkono angejua. Hakunyoosha mkono. Nyumba aliyolala ilikuwa ya shule. Mwanawe alikuwa bado chuoni. Na mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu; sababu huja zenyewe na viti vyao zikaketi.

Mwaka mmoja na miezi minne akanyamaza. Sasa mtoto wa miaka kumi na saba alikuwa amefanya kwa kalamu ya wino kile ambacho yeye, mwenye daftari, hakufanya.

*

Tabby Mwongera alikuja mchana huo huo baada ya chakula, kama kawaida yake. Tangu alipohamia Kirimandu alikuwa akijificha kwenye chumba cha kushonea wakati wenzake wakicheza, kwanza kwa ajili ya joto la pasi, kisha kwa ajili ya mazungumzo. Wanjira alikuwa mtu wa Kianjokoma huko Embu, Tabby mtu wa Mbeere kwenye ukame. Kila mmoja aliiona lahaja ya mwenzake kuwa kichekesho, lakini walisikilizana. Wakiwa wawili walizungumza lugha ya kwao. Mtu akipita dirishani walirukia Kiswahili.

Wanjira aliweka kijitabu mezani.

"Uzi wangu wa kijani," alisema.

Tabby alitazama mlango. "Anti Sindano, nilichukua kidogo tu."

"Sijakuuliza uzi. Umetoa ngapi?"

"Sehemu tatu. Kila moja nachora mara mbili. Moja inazunguka bweni A hadi C, nyingine D na E. Watu wanasoma usiku kwa prepo ndani ya atlasi." Akashindwa kuficha fahari. "Fomu foo wamenilipa na mandazi ili niwaambie mwisho."

"Na mwisho ni upi?"

"Sijui." Tabby alikunja shingo akatazama kifua chake mwenyewe. "Niliiona kwenye kioo, jua likiwa limepiga. Hapa pameiva kuliko kwingine. Nikauliza, three-one-two-seven ni nani? Wakanyamaza wote, Anti. Hata wale wa mdomo. Baadaye mmoja akaniambia, ni Kagwiria, alitoka. Nikasema, alitokaje? Muthamia hata mimi alinirudisha nikienda kwa daktari wa meno, eti sweta iko kwa kamba. Kagwiria alikuwa nani, apite bila?"

Wanjira alitazama kifua cha mtoto. Alikuwa amekitazama mara mia na hakuona. Hapo uzi wa njano ulipokuwa, jua halikufika kwa miaka miwili. Sufu ilibaki na rangi yake ya dukani, nzito, damu ya mzee halisi. Tarakimu nne za binti wa watu. Kijani chake mwenyewe kilizikanyaga kichwani.

"Ni wewe ulifumua?" Tabby aliuliza polepole.

"Ni mimi."

"Na ulijua?"

Pasi ilitoa mlio kwenye kitambaa chenye maji. Wanjira aliiinua. "Rudi darasani," alisema. "Na hiyo sehemu ya nne usiichore. Umesikia? Usichore."

Tabby alimtazama jinsi mtu anavyotazama daraja alilodhani ni zima. Akaondoka.

*

Aliichora. Wangeichora wote kama wangekuwa na mkono. Ijumaa asubuhi kijitabu kilidondoka kutoka kwenye atlasi mbele ya mwalimu wa zamu, na kabla ya saa nne kidato cha tatu chote kilikuwa kimepigishwa magoti kwenye kokoto mbele ya ofisi, wasichana tisini na sita, upepo ukiwapiga mgongoni, mpaka mwenye katuni ajitaje. Dakika ishirini zilipita. Msichana mmoja mwenye pumu alipoanza kupiga miluzi kifuani, Tabby alisimama.

"Ni mimi. Muacheni huyo ainuke. Mnataka wawili?"

Madamu Njura alimwita Wanjira saa sita. Alikuwa ametandaza kurasa mezani kama mtu anayetandaza karata.

"Keti, Wanjira. Unaona watoto wa siku hizi? Tunawalea, wanatuchora bila macho."

Wanjira hakuketi.

"Bodi inakaa Jumatatu. Huu ni uchochezi. Leo ni picha, kesho ni kiberiti kwenye bweni, umesikia yanayotokea kwingine. Atafukuzwa, na barua yake nitaiandika kwa namna ambayo hakuna shule itakayomchukua." Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, akipanga kingo za karatasi zilingane. "Wewe utasema tu kwamba uzi uliibwa kwako. Sentensi moja. Basi."

"Sawa, Madamu."

"Na jambo jingine. Ile sweta ni mali ya shule. Mvue leo, uikate matambara ya kupangusia mashine. Aende na nguo za kwao."

Mpaka dakika ile Wanjira alikuwa bado na kile kiti alichoyapa mashaka yakalie: pengine Madamu alidanganywa na wengine, pengine hakukumbuka. Lakini mtu asiyekumbuka hasemi ikatwe. Mwanamke huyu aliijua ile sweta. Siku ile aliileta ikiwa mbichi kwa sababu mwenyewe aliifua, hangeweza kuichoma mchana watu wakaona moshi, hangeweza kuiacha ikaonekana shuleni huku akisema mwenye nayo ametoka nayo. Akaona pa kuificha pazuri kuliko pote ni mgongoni mwa mtoto asiye na pa kuuliza. Na mkono wa kuifichia ulikuwa wa Wanjira.

"Nitamvua Jumatatu, Madamu," alisema. "Na baridi hii, mtoto akifa tena mtasema alitoka."

Madamu Njura aliinua uso.

"Umesema nini?"

"Nimesema Jumatatu."

Alitoka. Alipofika chumbani alitupa pini zote sakafuni, bweta zima, kisha akapiga magoti akaanza kuziokota moja moja, akitukana kwa Kiembu maneno ambayo mama yake hakujua kwamba aliyajua. Chini ya meza, mkono ulikuwa karibu. Safari hii aliunyoosha. Daftari la miaka mitatu nyuma: 3127, Kagwiria Kailemia, Ruiri, sweta moja.

Moja.

*

Jumapili hakwenda kanisani. Alifika Ruiri jua likiwa limepanda, akauliza kwa Kailemia mwenye mbuzi, akaonyeshwa boma nje kidogo ya soko. Mzee alikuwa akimpa mbuzi dawa ya minyoo, amemshika taya kwa mkono mmoja. Hakumwacha alipomwona mgeni.

"Mimi natoka Kirimandu," Wanjira alisema. "Mimi ndiye fundi wa sare."

"Shule hiyo ilishanipa pole. Na blanketi."

"Sijaleta pole, Baba Kagwiria. Nimeleta daftari."

Alimsomea akiwa amesimama. Jumatano, saa mbili. Mzee alimwachilia mbuzi, akaketi juu ya jiwe, chupa ya dawa mkononi.

"Soma tena siku."

"Jumatano."

"Mimi nilipigiwa simu Alhamisi jioni. Nikaambiwa ametoka asubuhi hiyo akitembea. Nikajiuliza, alikuwa anakuja kuniambia nini? Mwaka mzima najiuliza. Labda alikuwa na shida ya kuniambia, labda alikuwa ananikimbilia." Sauti yake ilikuwa kavu. "Hakuwa anakuja."

"Hakuwa anatembea."

"Mochari nilienda Ijumaa. Nilimwona, nikatia sahihi. Sikuuliza walimpokea siku gani. Nani huuliza hivyo?"

"Wao wana kitabu, Baba Kagwiria. Kila mahali pana kitabu. Tatizo ni kwamba hakuna anayekifungua. Bodi ya shule inakaa Jumatatu, changu nitakifungua hapo."

Kailemia aliinua macho. Yalikuwa mekundu, lakini si ya machozi.

"Na wewe ulikuwa na chako. Kimekaa wapi muda huu wote?"

"Chini ya meza."

"Chini ya meza," alirudia. "Mke wangu alikufa Desemba akiamini binti yetu alitoka shule bila kutuambia, kwa sababu yetu. Na wewe ulikuwa na karatasi chini ya meza, unaipigia miguu ukishona."

Hakumkaribisha chai. Wanjira hakutarajia. Kwa watu wa upande ule mgeni kuondoka bila hata maji ni tusi linalosikika mpaka kwa jirani, na alilibeba lote, akaona ni haki yake. Alipofika kwenye ua mzee akamwita.

"Jumatatu saa ngapi?"

"Saa tano."

"Nitakuja. Si kwa ajili yako."

"Najua."

*

Bodi ilikuwa watu saba kwenye meza ndefu ya maktaba. Mwenyekiti alikuwa mzee Kobia, mkulima wa ngano, mtu wa maneno machache aliyezoea kukagua punje moja moja mkononi kabla ya kukubali gunia. Tabby alisimamishwa mbele yao. Mama yake alikuwa ametoka Mbeere tangu alfajiri, ameketi pembeni, miguu ikiwa na vumbi jekundu, akifunga na kufungua fundo la leso. Kailemia aliingia na Wanjira, kofia mkononi, akaketi nyuma. Madamu Njura alimwona. Karatasi alizoshika zikatulia ghafla.

"Huyu mzee hayumo kwenye ajenda," alisema.

"Mimi nimemwita," Wanjira alijibu.

"Wewe ni shahidi wa uzi."

"Basi nitatoa ushahidi wa uzi."

Mwenyekiti aliashiria aendelee. Wanjira alitoa mkasi wake mdogo kwenye mfuko wa aproni. Akamwendea Tabby. Mtoto hakuwa amesema naye tangu Jumatano ile. Alimtazama usoni bila kujua kama huyu amekuja kumvua au kumvika.

"Simama wima," Wanjira alisema kwa Kiembu. "Nitafumua."

Alikata fundo, akavuta. Mnyororo wa kijani ulitoka wote, tiki tiki tiki, tatu, tatu, tisa, sifuri, na mabaki yakaanguka kwenye sakafu iliyong'arishwa. Akamgeuza mtoto kwa mabega, dirishani, ili jua limpige kifuani.

"Mzee mwenyekiti, soma."

Kobia alivaa miwani. Akatoka nyuma ya meza. Akainama kama mtu anayeangalia kutu kwenye ngano.

"Tatu," alisema. "Moja. Mbili... saba."

Nyuma ya chumba kiti kilianguka. Kailemia alikuwa amesimama.

"Kitabu cha lango kinasema namba hii ilitoka hapa Alhamisi saa nne, kifuani mwa msichana mzima," Wanjira alisema, na sauti yake, iliyokaa miaka nyuma ya pini, ilijaza maktaba hata yeye akashtuka. "Mimi niliifumua Jumatano saa mbili. Hiki hapa kitabu changu. Huyu Madamu aliniletea kwa mkono wake, mbichi. Kagwiria aliugua siku nne mkamwita mwongo. Alipokufa mkamtafutia miguu ya kutokea. Mkamwambia baba yake alitembea! Na leo mnataka kumtupa mtoto huyu nje kwa sababu amechora, kwa sababu aliuliza swali moja ambalo sisi wazima wote hapa tulilimeza. Nami nililimeza. Andikeni hivyo pia."

"Huyu mwanamke ni mgonjwa," Madamu Njura alisema. "Daftari ni la kujiandikia."

"Mleteni Muthamia," alisema mwenyekiti.

Bawabu alikuja na kitabu chake kwapani. Kilifunguliwa. Alhamisi, 3127, saa nne, sare kamili. Mwandiko wake.

"Ulimwona?" Kobia aliuliza.

Muthamia alitazama dari, akatazama sweta, akatazama mzee wa Ruiri aliyesimama.

"Niliona blanketi," alisema. "Jumatano, gari la shule, kabla ya kengele ya uji. Alhamisi nililetewa kikaratasi cha kuandika. Nikaandika nilivyoambiwa. Nina watoto sita, mzee."

"Mimi nilikuwa na mmoja," Kailemia alisema.

Mwenyekiti alifunga vitabu vyote viwili, kimoja juu ya kingine, akamkabidhi Kailemia, akasema yeye mwenyewe ataandamana naye hadi polisi, na kutoka hapo hadi mochari. Kisha akamgeukia Tabby kama aliyekuwa amemsahau.

"Wewe rudi darasani. Hakuna kesi hapa." Akavua miwani. "Hiyo katuni yako nitaibeba pia."

Tabby alivua sweta kichwani, akabaki na shati jembamba, akaikunja mikono ndani kama nguo za dukani, akampelekea Kailemia kwa mikono miwili. Mzee aliipokea. Akaweka kidole gumba kwenye ile saba, akakiacha hapo.

*

Wanjira alirudi kwenye chumba chake. Alichukua sweta mpya kutoka rafuni, akashona 3390 kwa kijani, akamvisha Tabby aliyekuwa akisubiri mlangoni akitetemeka. Mtoto hakusema asante wala hakusema samahani. Alisema, "Sasa sehemu ya nne ilikuwa na mwisho mbaya. Nitaichora upya." Wanjira akamfunga kifungo cha juu na kumsukuma aende.

Barua yake ilikuja saa nane. Madamu Njura bado alikuwa na ofisi siku ile, na muhuri, na wino. Wanjira Muriuki ameachishwa kazi mara moja kwa kosa la kuharibu mali ya shule: sweta moja. Apishe nyumba kabla ya jioni.

Aliisoma mara mbili, kisha akacheka kwa hasira hata machozi yakatoka. Aliwaza mtu aliyekaa akachagua maneno hayo. Sweta moja. Basi ndivyo walivyohesabu.

Alifungasha haraka, mtu anayekaa nyumba ya wenyewe hana vingi. Madaftari yote yaliyobaki aliyatia kwenye gunia la nyuzi, akalibeba mgongoni. Wasichana wa kidato cha tatu walikuwa madirishani, hakuna mwalimu aliyethubutu kuwaambia wakae. Hawakupiga makofi. Walisimama tu, na kila mmoja alikuwa ameweka kiganja kifuani, juu ya namba.

Langoni Muthamia alikuwa na kitabu kipya, ukurasa wa kwanza, mweupe. Hakumtazama usoni. Kalamu ilikuwa ikicheza vidoleni mwake.

"Anti," alisema, "wamesema niandike umeondoka Ijumaa, kabla ya bodi. Kwa hiari yako."

Wanjira aliweka gunia chini.

"Muthamia, leo ni siku gani?"

"Jumatatu."

"Saa ngapi?"

Bawabu alitazama saa yake muda mrefu. "Saa tisa na robo."

"Nimevaa nini?"

Hapo akainua macho. "Kitenge. Na sweta yako ya kijivu."

"Na ninatokaje?"

"Kwa miguu."

"Basi," Wanjira alisema, "hayo ndiyo uandike. Mimi sitoki hapa mpaka nisome."

Upepo wa mlima uligeuza ukurasa, Muthamia akaurudisha kwa kiganja. Aliandika polepole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Wanjira aliinama akasoma yote, pamoja na saa. Kisha akalibeba gunia lake, na Muthamia akavuta komeo.